Chujio la Mnunuzi

Hiari ni neema, lakini neema hii ikizidi kipimo humwelemea mwenye nayo. Mtu aliyewekewa mitungi miwili, mmoja wa maji ya baridi na mmoja wa maji ya vuguvugu, huchota autakao, akanywa, akaenda zake. Mtu yule yule akiwekewa mitungi arobaini husimama, huinama, huonja, hurudi nyuma, na mara nyingine huondoka na kiu yake. Zamani taabu hii ilikuwa ya matajiri peke yao, kwa kuwa maskini hakuwa na vitu arobaini vya kuchagua. Sasa imeshuka mpaka kwa kila mwenye simu mfukoni. Anayetaka kununua maongezi na intaneti katika Tanzania hukutana na vifurushi vya siku, vya juma na vya mwezi; vya usiku na vya mchana; vya mtandao mmoja na vya mitandao yote; vyenye dakika nyingi na data kidogo, na vyenye data nyingi na dakika kidogo. Majina yake hubadilika kama maneno ya kanga, na bei zake hupitana kwa shilingi chache ambazo sababu yake haionekani.

Wala jambo hili si dogo la kuchekwa. Tarehe 2 Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, kilio cha watu kilikuwa kikubwa hata serikali ikaamuru makampuni yarudie bei za kwanza. Watu hawalii kwa kitu wasichokihitaji. Kifurushi leo ni nauli ya mazungumzo: kwa hicho mtoto aliye Mwanza husikia sauti ya mama yake aliye Mtwara, mvuvi huuliza bei ya samaki kabla ya kutia nanga, na mgonjwa huita gari. Anayekosea kuchagua hulipa kosa lake katika siku yenyewe anayohitaji kusema, simu inapomwambia kwamba salio halitoshi.

Ninataka kusema juu ya dawa moja inayotolewa siku hizi kwa ugonjwa huu wa wingi wa vitu. Dawa hiyo huitwa chujio. Kampuni huweka katika ukurasa wake wa mauzo maswali machache. Mnunuzi akiyajibu, orodha ndefu hupunguzwa mpaka vibaki vifurushi vitatu au vinne vinavyodhaniwa kumfaa yeye, wala si mwenzake. Jina limetoka jikoni, na jiko lina la kutufunza. Bibi zetu wa pwani walikamua nazi kwa kifumbu, na kifumbu hakina shauri lake. Hutoa tui la kila nazi, na huzuia machicha ya kila nazi, iwe ya tajiri au ya fukara. Chujio la dukani lina shauri. Kuna mtu aliyelifunza mapema kipi kiitwe tui na kipi kiitwe machicha, na mtu huyo hula mshahara wa muuzaji.

Si zamani sana kampuni moja, ambayo sitaitaja jina, iliniomba nisahihishe Kiswahili cha maswali ya chujio lake kabla halijatolewa kwa watu. Kazi hiyo ilipokwisha niliombwa nyingine: nikae karibu na watu walioalikwa kulijaribu, nisikilize mahali wanapokwama. Nilikaa siku kadhaa katika chumba chenye meza, simu, na jagi la maji, wakaja watu wa namna mbalimbali. Niliyoyaona pale ndiyo yaliyonipa hamu ya kuandika.

Kwanza niseme namna majaribio haya yanavyofanywa, maana ni jambo la maarifa na linastahili heshima. Ukurasa wenyewe ulifanywa kwa namna mbili. Kila mgeni aliyeufungua alipigiwa kura na mashine pasipo kujua: nusu ya wageni walionyeshwa orodha nzima kama ilivyokuwa, na nusu waliulizwa maswali kwanza. Kisha ilihesabiwa ni wangapi wa kila upande walionunua. Kura ndiyo roho ya kazi hii. Lau wageni wangaliachwa wachague upande wenyewe, wenye subira wangalikwenda upande mmoja na wenye haraka upande mwingine, na hesabu ingalipima tabia za watu badala ya kupima chujio. Mtu aliyeieleza hoja hii vizuri kuliko wengi ni R. A. Fisher, mwanatakwimu Mwingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 alitoa mfano wa bibi mmoja aliyedai kwamba kwa kuonja tu hutambua kama kikombe kilitangulia kutiwa maziwa au kilitangulia kutiwa chai. Fisher alisema apewe vikombe 8, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, vikipangwa kwa kura. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne katika vinane. Basi anayebahatisha tu atapata vyote sawasawa mara moja katika mara 70. Napenda mfano huu kwa kuwa ni wa chai, na kwa kuwa haumdharau yule bibi. Haumwambii kwamba ni mwongo wala haumwamini upesi. Humpa vikombe.

Lakini kura, pamoja na uadilifu wake wote, haiwezi kulitengeneza swali baya. Maswali niliyopewa yalikuwa yamefasiriwa kutoka lugha nyingine na mtu aliyejua maneno yake asijue watu wake. La kwanza lilisema: Je, wewe ni mtumiaji mzito, wa kati au mwepesi? Bwana mmoja mnene aliyekuwa katika kundi la kwanza alilisoma mara mbili, akanitazama, akasema, "Mwalimu, hawa wanataka kujua kilo zangu?" Chumba kizima kilicheka, na swali likafa papo hapo. La pili lilisema: Unatumia gigabaiti ngapi kwa mwezi? Hapa hakuna aliyecheka, ila hakuna aliyejua pia, isipokuwa kijana mmoja mwanafunzi aliyehesabu data yake kama mtu anayehesabu tasbihi. Wengine walitaja tarakimu kwa kuona haya ya kukaa kimya. Fundi cherehani mmoja alisema tano, nilipomwuliza tano za nini, akasema, "Mbili ni chache, na kumi ni nyingi."

La tatu lilinifundisha kuliko yote. Lilimtaka mtu apange kwa cheo mambo matatu: burudani, kazi, na familia. Kila mtu aliyeulizwa aliiweka familia mbele. Mtu mzima katika nchi yetu hawezi kuiweka familia nyuma ya burudani mbele ya mgeni, hata kama usiku kucha huangalia mpira katika simu. Majibu yote yakawa mamoja. Swali linalojibiwa sawa na kila mtu haliwezi kuchuja kitu, kama vile ungo uliotoboka hauwezi kutenga pumba na mchele. Lakini katika hesabu ya mashine jibu hilo lilikuwa na nguvu: kila aliyesema familia aliletewa vifurushi vya dakika nyingi, na yule kijana wa tasbihi, ambaye alikuwa hapigi simu kwa mtu yeyote ila mama yake siku ya Jumapili, aliletewa dakika za kumtosha mwezi mzima na data ya kumtosha siku mbili.

Kosa la maswali haya ni moja, ingawa yana sura mbalimbali. Yalimwuliza mtu yeye ni nani, au atafanya nini; hayakumwuliza alifanya nini. Na binadamu ni shahidi dhaifu wa nafsi yake ya kesho. Wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wao wa vilabu vitatu vya mazoezi ya mwili huko Marekani. Waliojiunga kwa ada ya mwezi walilipa zaidi ya dola 70, wakaenda kwa wastani wa mara 4.3 kwa mwezi. Basi kila safari iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali kwa tikiti ya safari kumi wangaliweza kulipa dola 10 kwa kila safari. Watu hao hawakuwa wajinga wa hesabu. Walimnunulia mazoezi mtu mwingine, mwenye bidii, ambaye walitumaini kuwa watakuwa yeye. Nami nimeona mtu akimnunulia data ya mwezi mtu wa namna hiyo: msomaji wa vitabu vya intaneti na mwanafunzi wa lugha za kigeni, ambaye alikuwa hajapata kutokea.

Kwa hiyo nilishauri maswali yageuzwe yaelekee nyuma. Juma lililopita ulinunua kifurushi mara ngapi? Cha mwisho kilikwisha kabla ya muda wake, au muda ulikwisha kabla yake? Ulipoishiwa, ulikuwa unapiga simu, unaandika ujumbe, au unaangalia picha? Watu waliyajibu haya pasipo kusita, maana hayakuwataka wajisifu wala wajikane. Yule fundi cherehani alikumbuka siku yenyewe aliyoishiwa, saa yenyewe, na mteja aliyekuwa akizungumza naye juu ya suruali.

Msomaji anaweza kuuliza: kampuni inayo daftari la kila dakika aliyozungumza mteja wake, ina haja gani ya kumwuliza? Ni swali la haki. Jibu moja ni kwamba watu wengi wetu wana laini mbili au tatu, na kila kampuni huona kipande tu cha maisha ya mtu, kama vipofu wa ile hadithi waliompapasa tembo. Jibu la pili silo zuri kama la kwanza: kumwonyesha mteja kilichomo katika daftari ni kumwonyesha pia kwamba mwaka mzima amelipia alichokuwa hatumii. Muuzaji hana haraka ya kumpa mnunuzi habari hiyo.

Kwamba habari hiyo ina nguvu si kitu cha kudhania. Marekani ilipoanzisha mwaka 2006 bima ya dawa kwa wazee, kila mzee alijikuta mbele ya mipango mingi ya makampuni mbalimbali. Serikali ilikuwa na ukurasa wa intaneti ambamo mtu yeyote aliweza kulinganisha bure. Jeffrey Kling, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na wenzao walipiga kura kati ya wazee: wengine walipelekewa barua iliyowaambia tu kwamba ukurasa huo upo, wengine walipelekewa barua iliyowaandikia, kwa kufuata dawa zao wenyewe, gharama ya mpango wao na gharama ya mpango uliokuwa rahisi kuliko yote. Katika waliopata barua ya kwanza, 17 katika kila 100 walibadili mpango. Katika waliopata ya pili, 28. Gharama iliyotazamiwa kwa waliopelekewa barua ya pili ilipungua kwa wastani wa dola 100 hivi kwa mwaka. Habari ilikuwa ile ile, na ilikuwa wazi kwa wote. Kilichotofautiana ni kwamba mmoja aliambiwa kisima kilipo, na wa pili aliletewa maji katika kata. Kadhalika Eric Johnson wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba watu walioachwa na orodha ya mipango ya bima ya afya hawakuchagua vizuri sana kuliko wanaobahatisha, lakini walipopewa kikokotoo cha gharama, na mpango uliotangulizwa kwa kadiri ya hali ya kila mmoja, hasara yao ilipungua.

Basi mimi si adui wa chujio. Anayesema kwamba mtu mzima aachwe na orodha nzima ajitafutie mwenyewe, ati ndiyo heshima, hajapata kusimama na shilingi zake za mwisho mbele ya orodha inayoanza kwa kubonyeza nyota na kwisha kwa kubonyeza reli, ikijifunga kila akichelewa kusoma. Heshima ya namna hiyo ni rahisi kwa mwenye kuitoa. Ubishi wangu na kampuni ulitoka mahali pengine, nao ulianza siku alipokuja mama mmoja anayepika chakula kando ya kiwanda.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho mepesi. Nilimwamkia, akaitika, akakaa. Swali la nne, ambalo nililisahihisha Kiswahili chake bila ya kuwa na amri juu ya kuwapo kwake, lilimwuliza mapato yake ya mwezi. Akafikiri, akaandika kiasi kidogo, maana ndicho kilichobaki mkononi baada ya mkaa, unga, mafuta na kodi ya banda. Chujio likamletea vifurushi vitatu, vyote vya siku moja. Vya juma na vya mwezi havikutokea kabisa. Sasa tuseme kifurushi cha siku ni shilingi 1,000, na kifurushi cha juma chenye dakika zile zile kwa siku ni shilingi 5,000. Anayenunua cha siku kila asubuhi ametoa shilingi 7,000 juma linapokwisha. Kwa jina la kumwonea huruma, chujio lilimtenga na bei nafuu likamwachia bei ghali. Ndivyo ulivyo ughali wa kununua kidogo kidogo, anaoujua kila mtu anayenunua sukari kwa vipimo vya karatasi. Lakini muuza sukari hajapata kumficha mteja gunia.

Nilimwonyesha orodha nzima. Akaisoma polepole kwa kidole, akafika kwenye vifurushi vya juma, akasimama.

"Mwalimu," akasema, "na hiki je?"

"Hicho ni cha juma, mama. Mashine imedhani huwezi kukilipa."

"Leo siwezi. Ijumaa naweza. Wale vijana wa kiwandani hula kwa daftari, na Ijumaa hulipa madeni yao yote. Ijumaa nina fedha kuliko wewe." Akacheka kidogo. "Mbona haikuniuliza siku?"

Sikuwa na jibu, na waliolitengeneza chujio hawakuwa nalo pia. Walikuwa wamechukua mapato ya mwezi kuwa ndiyo kipimo cha mtu, kwa sababu wao wenyewe hulipwa kwa mwezi. Fedha ya mama yule haikujua mwezi. Ilikuja kwa mkupuo mara moja katika juma na kupungua kila siku mpaka mkupuo mwingine, kama maji ya bamvua na maji mafu. Na mtu asiyelijua hilo hawezi kumchagulia hata kifurushi cha shilingi mia tano. Swali moja tu, la siku gani fedha huingia, lingalifanya kazi ambayo swali la mapato lilishindwa, tena pasipo kumvua mtu nguo mbele ya wageni.

Nilipeleka maneno haya kwa wakuu wa kazi. Walinisikiliza kwa adabu, na sitawasema kwa ubaya, kwa kuwa swali la mapato waliliondoa. Hata hivyo kijana mmoja wa mitambo, mwerevu na mkweli, aliniambia baadaye penye chai kwamba kuondolewa kwake hakukubadili sana. Ukurasa wa intaneti, unapofunguliwa, huweza kutambua wenyewe aina ya simu inayoufungua. Mwenye simu ya bei ndogo huletewa vifurushi vidogo, na mwenye simu ya bei kubwa huletewa vikubwa, na hakuna kati yao aliyeulizwa neno. Swali la mapato lilikuwa na uso, na mtu aliweza kulikataa au kulidanganya. Hili la pili halina uso. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inataka habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi. Sijui mnunuzi mmoja aliyepata kuambiwa na ukurasa wa mauzo, "Tumeitazama simu yako, na kwa sababu hiyo tumekuficha hivi." Lau angaliambiwa, nadhani wengi wasingalikasirika sana, wangaliomba tu kuonyeshwa vilivyofichwa.

Jambo la mwisho tulilobishania ni kipimo. Majaribio yalipima mambo mawili: wangapi walinunua, na walichukua muda gani. Kwa vipimo hivyo chujio lilishinda. Waliopitia maswali walinunua wengi zaidi na upesi zaidi, na wakuu walifurahi, wala sikuona ajabu. Lakini kununua upesi ni faida ya nani? Mtu anayeongozwa kwenye kitu kibaya kwa njia fupi hufika upesi pia. Nilisema kwamba jaribio lisifungwe siku ya kununua, bali lingoje kifurushi kiishe. Daftari lipo, lihesabu ni wangapi walioishiwa kabla ya muda, ni wangapi waliobakiza nusu ikapotea, na ni wangapi waliorudi kununua kile kile kwa hiari. Kura iliyopigwa siku ya kwanza ingali na nguvu siku ya thelathini, maana watu wa pande mbili ni wale wale. Nilijibiwa kwamba kungoja siku thelathini ni kuchelewesha kazi, na kwamba mabadiliko ya bei yatakuwa yameingia kabla ya majibu. Sababu ya pili ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo iliyonihuzunisha. Orodha inayobadilika kabla mtu hajamaliza kujifunza nayo humrudisha mnunuzi darasa la kwanza kila mara.

Nilipata neno moja dogo. Chini ya vifurushi vitatu palikuwa na maandishi ya kijivu, madogo kama sisimizi, yaliyosema "Onyesha vyote". Niliomba yapandishwe juu na yaandikwe kwa herufi za kawaida. Hayakupandishwa juu, yaliwekwa katikati, na herufi zikakua kidogo.

Alfajiri ya siku ya mwisho ilinyesha mvua, na walioalikwa wengi hawakuja. Alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akiwa amefunga miwani yake kwa uzi. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza kwanza ninafundisha wapi na nani alinifundisha mimi. Kisha akajibu maswali yote kwa utulivu, kama mtu anayesahihisha madaftari. Vifurushi vitatu vilipotokea alivitazama, akasema ni vizuri, na akabonyeza "Onyesha vyote". Akaomba karatasi na kalamu. Akachora mistari, akaandika bei upande mmoja na dakika upande mwingine, akagawanya, akafuta, akagawanya tena. Kijana wa mitambo alinong'ona kwamba muda uliowekwa kwa kila mtu ni dakika kumi. Nilimwambia amwache mzee.

Dakika arobaini zilipita. Mwishoni alichagua kimoja kati ya vile vitatu vya kwanza, kile ambacho chujio lilikuwa limekiweka cha tatu. Akanigeuzia karatasi nione hesabu, nayo ilikuwa sahihi. "Mashine yenu haikusema uongo," akasema, "ila haikunionyesha kazi yake. Mwanafunzi akiniletea jibu tupu nilikuwa nampa nusu ya alama." Akakunja karatasi, akaitia mfukoni ili akamwonyeshe mkewe, akaaga. Nilipotazama jedwali la siku ile niliona nambari yake imeandikwa katika safu ya walioshindwa, kwa kuwa alizidi muda.